Aiskrimu ya moshi: tusiipige marufuku, tumfundishe anayeimimina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita akitaka aiskrimu ya moshi, ile inayogandishwa kwa kumiminiwa naitrojeni ya kimiminika, ipigwe marufuku kwenye kumbi za sherehe. Alisema ni kemikali, ni naitrojeni ile ile ya kwenye mbolea, na kwamba wauzaji wanawapumbaza watoto kwa moshi huku wakiwalisha sumu. Nimeisoma barua yake mara tatu. Hofu yake ni ya mzazi na ninaiheshimu, lakini ameielekeza siko. Naitrojeni hiyo nimeishi nayo miaka 31, na kovu lake ninalo kwenye kifundo cha mguu.

Mimi si mpishi. Nilikuwa mhimilishaji wa ng'ombe, yaani mtu wa kuwatia ng'ombe mbegu za dume bila dume kuwepo. Wafugaji wa Arumeru, kuanzia Tengeru hadi Nkoaranga, walizoea kuniona nikipanda milima kwa pikipiki, mtungi wa alumini umefungwa nyuma kwa kamba za mpira. Ndani yake mna mbegu za madume kutoka kituo cha taifa cha uhimilishaji pale Usa River, zimetiwa kwenye mirija myembamba kama njiti, na mirija yenyewe imezama kwenye naitrojeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika. Ukiitazama utasema ni maji safi. Kumbe inachemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na haitulii: usiku na mchana inapungua taratibu ikirudi kuwa hewa. Ndiyo maana kizibo cha mtungi hakikazwi. Ukikikaza, hewa ikikosa pa kutokea itaupasua mtungi.

Kila Jumatatu asubuhi nilipima kilichobaki kwa fimbo ya mbao. Unaitumbukiza hadi chini, unasubiri kidogo, unaitoa na kuipunga hewani. Mara unaona ukungu mweupe ukiganda juu ya mbao, na pale ukungu unapokoma ndipo naitrojeni ilipofikia. Fimbo lazima iwe nzima, isiwe na tundu katikati. Ukitumbukiza bomba, kimiminika kitachemka humo ndani na kuruka juu kikupige usoni. Hayo hayakuandikwa ubavuni mwa mtungi. Nilifundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu, na kila somo lilikuwa na jeraha la mwenyewe nyuma yake. Kovu langu nililipata mwaka 1994, siku nilipochomeka suruali ndani ya gambuti. Tone likaingia, likakaa humo, na mpaka nivue buti ngozi ilikuwa imeshakufa. Tangu siku hiyo suruali yangu ikashuka nje ya buti, mvua inyeshe isinyeshe.

Sasa nieleze nilichokiona mwezi uliopita. Tulikuwa kwenye sherehe ya kipaimara cha mjukuu wangu mkubwa, katika ukumbi mmoja mjini Arusha. Ndafu ilikuwa imeshakatwa na zawadi zimeshatolewa, ndipo MC akawaita watoto wote mbele. Kijana nadhifu, koti jeupe la upishi, akasogeza meza katikati ya ukumbi, akaweka bakuli la chuma kwenye mashine ya kukorogea, akamimina maziwa, krimu na sukari. Kisha akainua chupa kubwa akaanza kumimina naitrojeni. Wingu jeupe likafurika bakuli, likateremka mezani, likatambaa sakafuni hadi miguuni pa watoto. Vifijo vyao vilijaa ukumbi mzima. Nami nilifurahi, sitaki kusema uongo. Kwa dakika nzima nilisimama pale nikitabasamu, kwa sababu kitu nilichokibeba mgongoni mwa pikipiki maisha yangu yote sikuwahi kukiona kikiwafurahisha watoto.

Kisha nikatazama miguu ya yule kijana. Alikuwa na kandambili. Hakuwa na glovu wala miwani ya kukinga macho. Aiskrimu yenyewe ilitoka vizuri na sina neno nayo. Balaa lilianza alipomaliza bakuli na kubakiwa na naitrojeni kwenye chupa. Akachukua bisi, akazimwagia naitrojeni ndani ya vikombe vya karatasi, akawa anawagawia watoto watafune ili moshi uwatoke puani. Mjukuu wangu mdogo, ana miaka 7, akaja mbio kunionyesha chake. "Babu, ona, inachemka lakini ni baridi!"

Nilichungulia. Chini ya bisi palikuwa na kimiminika, kama vijiko viwili vya chakula, kinatokota bila moto. Mtoto alikuwa ameshakiinua kikombe kama anayetaka kunywa chai. Nilimnyang'anya. Sikumwomba, nilimnyang'anya, naye akaangua kilio mbele ya meza kuu. Nikakimimina kikombe sakafuni, na matone yakatawanyika juu ya vigae yakikimbia huku na huku kama shanga zilizokatikiwa uzi, mpaka yakaisha yote bila kuacha hata unyevu.

Watu waliona mzee ameharibu sherehe. Naomba niseme kwa nini nilifanya vile, kwa hesabu ambayo kila mzazi anaweza kuipiga. Lita moja ya naitrojeni iliyo kimiminika ikishapata joto inatoa karibu lita 700 za hewa. Kijiko kimoja cha chakula, basi, kinatoa kama lita 10, yaani ndoo ndogo ya maji nzima. Vijiko viwili ni ndoo mbili. Tumbo la mtoto wa miaka 7 litaziweka wapi ndoo mbili za hewa ndani ya sekunde chache? Halina pa kuziweka. Litapasuka, na kabla ya kupasuka litakuwa limeungua kwa baridi.

Haya si ya kufikirika. Oktoba 2012, katika mji wa Lancaster nchini Uingereza, msichana aliyekuwa akisherehekea kutimiza miaka 18 alipewa kinywaji kilichotiwa naitrojeni, akakinywa kabla haijaisha kuchemka. Madaktari walilazimika kumtoa tumbo lote ili kuokoa maisha yake, na mwaka 2015 baa hiyo ikatozwa faini ya pauni 100,000. Kule Indonesia, watoto wa Java Magharibi waliugua baada ya kula vitafunwa vya moshi vya mitaani, vya aina hii hii niliyoiona Arusha, na Januari 2023 Wizara ya Afya ya nchi hiyo ikatoa waraka wa kuvidhibiti. Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ilikuwa imeshatoa onyo Agosti 2018.

Hapo kwenye onyo la Marekani naomba msomaji mwenzangu atulie kidogo. Hawakusema kila kilichogandishwa kwa naitrojeni ni hatari. Walionya kuhusu chakula kinachotiwa naitrojeni palepale kinapouzwa na kukabidhiwa mlaji ingali imo au ubaridi wake haujapungua. Kile ambacho kimegandishwa mapema, naitrojeni ikaisha yote kabla hakijafika mkononi mwa mtu, hawakukigusa. Tofauti yote imekaa hapo, katika dakika chache za kusubiri. Bakuli la yule kijana lilikuwa halali, vikombe vyake vya bisi havikuwa.

Kuhusu mbolea: ndugu yangu, naitrojeni ni sehemu 78 kati ya 100 za hewa unayovuta sasa hivi ukisoma gazeti. Ya kwenye mtungi imetolewa hewani humo humo, ikapozwa hadi ikawa kimiminika. Mbolea ya urea ina naitrojeni iliyoshikamana na vitu vingine, nayo ni kitu kingine kabisa. Ikichemka kutoka kwenye aiskrimu, naitrojeni inarudi hewani na haiachi ladha, harufu wala masalia. Hata ule moshi si moshi. Ni unyevu wa ukumbini uliopigwa na baridi ukawa ukungu, kama ule wa Meru asubuhi ya Julai.

Ila msomaji asinielewe vibaya, akadhani hewa basi haina madhara. Wako wanaosema, "Mbona nilichovya kidole na sikuungua?" Ni kweli, ukigusa na kutoa upesi, joto la ngozi linachemsha naitrojeni na kutandaza utando mwembamba wa hewa katikati, ndiyo maana matone yale yalikimbia juu ya vigae bila kushika. Lakini tone likinasa mahali, kwenye buti, kwenye glovu ya sufi iliyolowa, chini ya pete, utando huo hausaidii. Ulimi na koo ndiyo mahali penyewe pa kunasa.

Niliongea na yule kijana baadaye, pembeni, watu wakiwa wanacheza muziki. Alinipa shikamoo na kunisikiliza, wala hakuwa jeuri. Nikamuuliza alijifunzia wapi. Akasema alitazama video kwenye simu, na rafiki yake akamwonyesha namna ya kumimina. Nikamuuliza lita moja inatoa hewa kiasi gani. Hakujua. Nikamuuliza chupa aliileta na nini. Akasema ilikuwa kiti cha nyuma cha gari, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Nilikaa kimya kwanza kabla ya kumjibu, maana niliogopa.

Niliogopa kwa sababu naitrojeni haihitaji kumezwa ili iue. Ikijaa mahali pasipo na upepo inaisukuma oksijeni itoke, na mtu haoni dalili yoyote: hakohoi wala hasikii harufu, miguu inalegea tu anaanguka. Januari 2021 ilivuja katika kiwanda cha kuku huko Gainesville, jimbo la Georgia, Marekani, wafanyakazi 6 wakafa. Mtungi wa lita 35, ambao ni wa kawaida kabisa kwenye vituo vya mifugo, ukimwagika wote unajaza chumba cha mita 3 kwa 3. Sasa fikiria ukumbi wenye viyoyozi, madirisha yamefungwa, na hewa hiyo baridi, ambayo ni nzito, inatambaa chini. Sisi watu wazima pua zetu ziko juu. Waliosimama ndani ya wingu mpaka kifuani ni watoto.

Pamoja na hayo yote, bado napinga marufuku, na sababu yangu ni binti yangu.

Binti yangu ni mpishi wa vitamu katika hoteli moja Zanzibar. Alipokuja likizo mwaka jana alituandalia aiskrimu ya ubuyu kwa njia hiyo, kwa naitrojeni aliyoinunua kwa wauzaji wa gesi ya chakula. Hakuigusa yangu, wala mtu mwingine asithubutu kuchota naitrojeni ya mtungi wa mbegu za ng'ombe akaitia kwenye chakula. Alichemsha maziwa na hiliki, akaloweka ubuyu akauchuja mara mbili, akachanganya na krimu na sukari, akaacha vipoe. Kisha, nje uani, chini ya mparachichi, akawa anamimina kidogo kidogo huku akikoroga. Dakika tatu hazikufika, ikashika.

Nilipoiweka mdomoni nilisahau kumeza. Barafu za ubuyu nimezila tangu utoto, zile za kwenye nailoni, unang'ata kona na kufyonza. Utamu unautoa wote kwanza, ukabaki na bonge jeupe lisilo na ladha. Hii haikuwa na chenga hata moja. Uchachu wa ubuyu, mafuta ya maziwa na hiliki vilikuja kwa pamoja, laini kama siagi, vikaondoka kwa pamoja.

Nikamwambia, mwanangu, sababu naijua. Kazini kwetu adui mkubwa ni punje za barafu. Maji yakiganda polepole, punje zinapata muda wa kukua na kuota ncha, zikatoboa chembe za mbegu na kuziua. Mwaka 1949 watafiti nchini Uingereza waligundua kwamba ukitia gliseroli mbegu zinahimili kugandishwa, na uhimilishaji wote wa leo umesimama juu ya ugunduzi huo. Aiskrimu nayo adui wake ni yule yule. Ukiiweka kwenye friza la nyumbani inachukua saa nyingi, punje zinakua, ulimi unazisikia kama mchanga. Naitrojeni inaigandisha haraka hivi kwamba punje zinabaki ndogo mno, na sukari na mafuta yanasaidia kuzizuia zisikue. Binti yangu alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Miaka yote alidhani kazi yangu na yake hazina undugu.

Akanionyesha pia kikopo cha unga anaoutia kidogo kwenye maziwa yasijitenge, unaitwa karagini. Unatokana na mwani mwekundu, wa jamii ya ule akina mama wa Paje na Jambiani wanaoupanda baharini tangu 1989. Mwani unavunwa pale kwa migongo iliyopinda, unasafirishwa ng'ambo mkavu kwenye magunia, na unga unarudi kwenye kikopo kwa bei ambayo mvunaji hawezi kuilipa. Hilo linastahili barua yake peke yake.

Wala ufundi huu si mambo ya juzi ya vijana wa mitandaoni. Mwaka 1901 mpishi wa London, Agnes Marshall, mwanamke aliyejulikana kwa vitabu vyake vya barafu na aiskrimu, alikuwa ameshaandika kwamba hewa iliyogeuzwa kimiminika ingeweza kutumiwa mezani, kila mgeni akakoroga aiskrimu yake mwenyewe. Nicholas Kurti, mwanafizikia wa Oxford aliyebobea katika mambo ya baridi kali, pamoja na mkemia Mfaransa Hervé This, ndio waliolipa somo la sayansi ya mapishi jina lake, gastronomia ya molekuli, mwaka 1988. Na mwaka 2001 mgahawa wa mpishi Heston Blumenthal, kijijini Bray, Uingereza, ulianza kumgandishia mgeni povu la chai ya kijani na ndimu ndani ya naitrojeni, mbele ya macho yake. Hao wote ni watu waliojua wanachokishika.

Binti yangu naye anajua. Alipomaliza kukoroga hakumpa mtu kitu. Aliweka bakuli mezani na kutuambia tusubiri. Ukungu ukaendelea kutoka ubavuni mwa bakuli, ukapungua, ukakoma. Akaichimbua aiskrimu mpaka chini kwa mwiko, akatazama kama kuna kilichonasa. Akasubiri tena. Akaionja yeye kwanza. Nilimuuliza kwa nini anachelewa hivyo na sisi mate yanatutoka, akasema, "Baba, moshi ukifa ndipo kikombe kinatoka." Ndivyo walivyomfundisha jikoni kwao.

Ombi langu kwa halmashauri zetu na kwa Shirika la Viwango, TBS, ambao tangu 2019 ndio wenye dhamana ya usalama wa chakula nchini, ni hilo hilo la binti yangu, liwekwe kwenye maandishi. Mama lishe wetu hawezi kupika ugali bila kupimwa afya. Iweje anayemwagia mtoto kitu cha nyuzi 196 chini ya sifuri asiulizwe chochote? Apewe mafunzo ya siku mbili tu: glovu kubwa zinazovulika kirahisi tone likiingia, miwani, viatu vilivyofunika mguu na suruali nje yake, mtungi usiokazwa kizibo, gari lenye vioo wazi, na kazi yote ifanyike nje au mahali penye upepo. Vile vikombe vya bisi na vinywaji vinavyofuka moshi vikatazwe moja kwa moja, kwa sababu mvuto wake wote ni kula kitu kabla hakijawa salama. Hapo nakubaliana na msomaji mwenzangu kwa asilimia mia. Wenye kumbi nao wawe na sauti: wafungue madirisha, na watoto wakae mbali na meza ya mmiminaji.

Kwa wazazi: kikombe kikiletwa kinafuka, kiwekeni mezani. Msikipulize wala msikikoroge kwa kidole. Kama kuna kitu kinatokota chini, kisiguswe. Na mtoto akishameza, tumbo likajaa ghafla au likauma, msimpe maji wala maziwa mkingoja nafuu, mkimbizeni hospitali na mkaseme waziwazi kwamba amemeza naitrojeni.

Yule kijana wa Arusha nimempa namba yangu. Alinipigia Jumapili iliyopita, tukakubaliana aje nyumbani na wenzake wawili wanaofanya kazi hiyo. Glovu zangu za kazini bado ninazo, na fimbo ya mbao ipo, ina alama za kisu kila sentimita mbili. Kama wapo wengine wanaomimina naitrojeni hapa Arusha au Moshi na hawajapata mtu wa kuwafundisha, waje. Sitawatoza kitu.

Mhimilishaji mstaafu,
Usa River, Arusha